Nilivyosimamia Mashimo Matatu ya Shangazi

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na sita, na najua mtu wa umri huu husemwa ameacha kazi. Nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Nikisema nimeacha, watu watadhani nimekimbia. Nikisema nimehamishwa, wataniuliza nimehamishwa na nani. Kwa hiyo nimestaafu, na kama wastaafu wengine, ninaandika yaliyonipata ili atakayeshika nafasi yangu asianze gizani.

Nafasi yenyewe ni Meneja wa uwanja wa gofu wa Tlawi, wilaya ya Mbulu. Uwanja una mashimo matatu, kondoo wa kutosha, na wakati naanza ulikuwa na mchezaji mmoja. Habari za mshahara naziruka, kwa sababu nililipwa chumba, chakula na viazi. Habari za kupanda cheo naziruka pia. Nilianza nikiwa meneja na nikamaliza nikiwa meneja, na chini yangu hapakuwa na mtu yeyote, ila kondoo, ambao nao sikuwa na hakika kama walikuwa chini yangu.

Aliyeniajiri ni shangazi yangu, Emiliana. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake aliutumia jikoni, katika klabu moja ya gofu upande wa Arusha. Dirisha la jiko lile lilitazama uwanja. Alikuwa akimenya viazi huku anaangalia watu wakipiga mpira, wakitembea, wakipiga tena, na baadaye wakija kula viazi vyake. Hakuna aliyemkataza kucheza, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mpishi angetaka kucheza. Alipofikisha miaka hamsini na kidogo alivua aproni, akaagana na wenzake, akarudi nyumbani Tlawi na mfuko wa fimbo za gofu zilizochakaa ambazo kedi mmoja, mbebaji wa fimbo za wachezaji, alimpa badala ya kuzitupa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ofisini. Nilikuwa na shahada ya usimamizi wa utalii na mwaka mzima wa kukaa nyumbani nikisubiri simu. Kabla ya kutoka chumbani nilijiuliza kama meneja anapaswa kumwamkia mwajiri kwanza au kusubiri kukaribishwa. Wakati nikijiuliza, Shangazi alifungua mlango na kunikuta nimesimama katikati ya chumba.

"Shikamoo Shangazi," nikasema.

"Marahaba. Vua hivyo viatu, chukua sururu."

Hiyo ndiyo semina elekezi niliyopata.

Shamba lenyewe tuliliita shamba la juu. Lilikuwa la babu yangu, na babu alisema kwa mdomo wake, kabla hajafa, kwamba Emiliana akirudi atalima pale. Lakini Emiliana hakurudi mapema. Miaka yote aliyokuwa Arusha, shamba lililimwa na mdogo wake, Bura, ambaye mimi namwita Baba mdogo. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu ndiye aliyebaki na boma la wazazi. Aliweka samadi pale, akapanda maharage na ngano, akaziba makorongo. Shangazi aliporudi, Baba mdogo alimwachia shamba kwa heshima, akitegemea kuona viazi. Baada ya mwezi mmoja akaona vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye miti mitatu, na dada yake anatembea kati ya miti hiyo na fimbo ya chuma. Habari zilishuka mpaka Mbulu mjini kwamba Emiliana wa Tlawi amepanda mashimo.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi, maana huenda nitakayemwachia hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Majani ya huku kwetu hukua hata ukiyaangalia tu. Hatukuwa na mashine ya kuyakata. Tulikuwa na kondoo, na kondoo hukata vizuri kuliko mashine ukijua kuwahamisha. Ukiwaacha sehemu moja wanachimba mpaka mizizi. Ukiwahamisha haraka wanaacha vishungi. Nilijifunza kuwafunga kwa kamba ndefu kuzunguka kila shimo, na kuzoa mavi yao kwa koleo kabla ya mchezo. Chuoni tulisoma namna ya kushughulikia malalamiko ya wageni wa hoteli. Kondoo hawalalamiki, wanageuka tu na kukuonyesha mgongo, jambo ambalo kwa mtu wa wasiwasi kama mimi ni baya zaidi.

Mashimo tuliyatengeneza kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Adui wa kopo ni fuko. Fuko akisikia udongo umelainishwa anakuja chini kwa chini, na asubuhi unakuta shimo lako limesukumwa juu na pembeni kuna vichuguu vitatu vipya. Kwa muda fulani nilifikiri tuvihesabu vichuguu hivyo kama sehemu ya mchezo, nikamwandalia Shangazi maelezo marefu. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema nikamtafute fuko.

Adui mwingine ni jirani yetu, Mama Paskali, ingawa ni mama mwema sana. Mpira wa gofu ukipotea huku, usitafute kwenye majani kwanza. Nenda kwenye viota vya kuku. Mama Paskali aligundua kwamba kuku akiona mpira ule kwenye kiota anadhani ni yai, naye anaongeza yake. Kwa hiyo kila mpira ulioruka ua ulipata ajira. Nilikwenda kudai, nikapewa mayai. Nikarudi na mayai nikiwaza kama nimeuza mali ya kampuni.

Lakini kesi ngumu kuliko zote ilikuwa njia ya miguu. Ilikatisha shimo la pili, na imekuwepo tangu kabla ya sisi sote. Mtu mzima akipita lazima umwamkie, na huwezi kumwamkia mtu mzima huku umeinua fimbo juu ya bega kama unayetaka kumpiga. Kwa hiyo Shangazi alikuwa akifika juu kabisa, mikono iko tayari, macho yako kwenye mpira, kisha anatokea mzee fulani na punda wake. Fimbo inashuka, inafichwa nyuma ya mgongo. Shikamoo. Marahaba, habari za nyumbani. Nzuri. Za mvua. Za mifugo. Za yule kaka yenu aliyehamia Dirma. Huyo ndiye baba yangu, aliyekwenda kufugia huko, upande wa Hanang, na habari zake huchukua muda. Jumapili baada ya misa, shimo la pili peke yake lilitufikisha mchana.

Shangazi hakuwahi kukasirika. Alikuwa na namna ya kurudi kwenye mpira kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi, nikijaribu kupiga, nilisimama juu ya mpira nikifikiria magoti, mabega, upepo, kondoo, na kama kuna mtu ananiona. Mara nyingi niliishia kuuokota mpira na kuurudisha mfukoni. Shangazi aliniambia kwamba nacheza gofu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, Baba mdogo alikuja jioni moja, akakataa kuketi. Alisema maneno yake akiwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili juu ya fimbo yake.

"Dada, mimi nilikuachia shamba. Sikukuachia kiwanja. Wanangu wamekua, mmoja anataka kuoa. Ardhi isiyofanyiwa kazi hairuhusiwi kulala namna hii."

Shangazi akamwambia kwamba anaifanyia kazi kila siku.

"Kazi gani? Kutembea?"

Alisema amekwisha kuwaita wazee wa kitongoji. Wangekuja kuliona shamba kabla ya mvua, na wakiona halina mtu wa kulifanyia kazi, lingerudi kwake kwa ajili ya wanawe. Kisha akaaga kwa adabu, kwa sababu ni dada yake mkubwa, akaondoka.

Nitakuwa mkweli, madai yake hayakuwa ya uonevu. Ndiyo maana sikulala vizuri. Shangazi hakuwa na shamba jingine wala mahali pengine. Wakilichukua, angerudi Arusha kuomba jiko, na safari hii kwa umri ule. Nilimpigia baba yangu simu Dirma, nikamweleza yote. Akasema, "Mimi sipo," na kwa kweli hakuwepo.

Nikajitwisha utetezi. Nilitunga hotuba kichwani kuhusu michezo na afya, michezo na watalii, michezo na vijana. Niliifanyia mazoezi mbele ya kondoo. Nilipendekeza tuandae mashindano makubwa siku hiyo ya wazee, ili waone uwanja ukitumika. Shangazi alikubali siku, akakataa neno mashindano. Alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, na kila alipofika alisema maneno yale yale ambayo mtu yeyote huku husema anapohitaji watu wa kumsaidia kulima au kuvuna:

"Jumamosi nina kazi shambani kwangu kule juu. Njooni mnishike mkono."

Nilimwambia hiyo si sahihi, watu watafikiri ni kazi kweli.

"Si kazi?" akaniuliza.

Akapika pombe, akachemsha makande sufuria mbili. Nami nikaongeza aya mbili kwenye hotuba.

Jumamosi walikuja na majembe. Nilipaswa kulitarajia hilo, maana waliitwa kazini, na mtu aliyeitwa kazini haji mikono mitupu. Nilipowaona wanashuka kwenye kilima, majembe mabegani, wakielekea kwenye majani yangu mafupi ya shimo la kwanza, nilikwenda kusimama mbele ya kopo. Shangazi aliwapokea, akaomba majembe yaegemezwe kwenye ua, akasema kazi ya leo ni nyingine. Wazee waliketi kwenye mabenchi ya kanisani tuliyoazima. Mkubwa wao alikuwa Mzee Tluway, mtu mkimya mwenye koti la mvua hata siku ya jua. Baba mdogo alisimama kando yake.

Nilipewa kazi ya kutangaza. Niliwaomba watu wote wanyamaze mchezaji anapopiga. Nilisahau kuwaambia wakati wa kuacha kunyamaza.

Shangazi alitangulia. Aliweka mpira, akautazama, akapiga. Sijawahi kuona ukiruka vizuri namna ile. Ulipanda, ukapita juu ya kondoo, ukashuka karibu na kitambaa. Akatembea, akagusa mara moja, akagusa mara ya pili, mpira ukaingia kwenye kopo na kulia. Mara tatu tu. Mimi nilikuwa karibu kulia pamoja na kopo.

Kimya.

"Ndiyo amemaliza?" akauliza Mama Paskali.

Nikasema ndiyo, amemaliza shimo hilo.

Mzee Tluway akamwinamia mwenzake, akasema Emiliana ameshachoka mapema. Baba mdogo alinyoosha mgongo.

Ndipo wakamtaka na yeye ajaribu. Alikataa fimbo ya chuma, akasema ana yake. Akavua koti, akalikabidhi kwa Mzee Tluway, akaupiga mpira kwa fimbo ile ile anayoswagia ng'ombe. Mpira ukasogea hatua chache. Nikatangaza, "Moja." Akapiga tena. "Mbili." Mara ya tatu alipiga udongo, na kanuni ziko wazi, nikatangaza, "Tatu."

Nilikuwa nahesabu kwa huzuni, kama mtu anayesoma majina ya waliofeli. Lakini watu hawakusikia huzuni. Walisikia kazi. Huku kwetu mkiitwa shambani, anayesifiwa ni yule ambaye jembe lake linapanda na kushuka bila kupumzika, na hapo mbele yao kulikuwa na mwanamume anatoka jasho, anapiga, anafuata, anapiga tena, na mimi, binti msomi, namtajia idadi kwa sauti. Nilipofika tisa walianza kuitikia. Nilipofika kumi na mbili mama mmoja akapiga kigelegele. Nilipofika kumi na tano wanaume walikuwa wameanza wimbo wa kulimia, kwa Kiiraqw, na Baba mdogo akawa anapiga kwa kufuata wimbo. Mpira ulipoingia kwenye kopo alikuwa amevuka ishirini, shati limelowa, na uwanja mzima umesimama.

"Huyu ndiye aliyefanya kazi leo," akasema Mzee Tluway.

Hapo ndipo nilipopata mtihani mgumu kuliko yote ya kazi yangu. Nikieleza kwamba katika mchezo huu aliyepiga chache ndiye bora, namwaibisha Baba mdogo mbele ya wazee aliowaita mwenyewe, na mtu aliyeaibishwa hasamehi shamba. Nisipoeleza, wazee wataondoka wakiamini Shangazi ni mvivu na Bura ndiye mfanyakazi, na shamba ni la anayelifanyia kazi. Nilimtazama Shangazi anisaidie. Alikuwa amekwenda kuchota pombe.

Alirudi na kata ya kwanza, ile apewayo aliyefanya kazi kuliko wenzake. Aliishika kwa mikono miwili, akampelekea mdogo wake.

"Bura, asante kwa kazi. Karibu."

Baba mdogo aliitazama ile kata. Mimi nilifungua mdomo. Nadhani nilikwisha kusema "Samahani wazee," maana aligeuka akanitazama mimi, muda mrefu, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Kisha akaipokea kata kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini.

Mzee Tluway alisubiri afute ndevu.

"Bura, ulituita. Shamba tumeliona, na mwenye nguvu ya kazi tumemwona. Sema ulilotuitia."

Baba mdogo akamrudishia dada yake kata.

"Mzee, nimeitwa kazini na dada, nimekuja. Nimefanya kazi, nimekunywa pombe ya kazi kutoka mkononi kwake. Mtu hanywi pombe ya kazi kwenye shamba lake mwenyewe. Hapa mimi ni mgeni."

Wazee walinong'onezana. Mmoja aliuliza, na wanao je. Akajibu kwamba wanawe ni wake, ataongea nao. Mzee Tluway akainuka, akamrudishia koti, akamwaga pombe kidogo chini na kuomba dua fupi ya kubariki mwenye shamba na waliomsaidia. Watu wakaitikia, wakala makande, wakachukua majembe yao. Hotuba yangu ninayo bado, kama kuna mtu ana mgogoro unaofanana.

Shangazi hakuniambia kama aliyapanga, nami niliuliza kwa njia nyingi. Jumatatu yake alimwita mtoto mkubwa wa Baba mdogo, akampa ukanda mpana chini ya shimo la tatu apande viazi. Mpira ukiangukia kwenye viazi, hakuna kukanyaga matuta kuufuata mpaka wavune. Hiyo ni kanuni ya uwanja, mrithi wangu aizingatie.

Na Baba mdogo alirudi. Kwanza alikuja kuangalia viazi vya mwanawe, kisha akaja bila kuangalia viazi. Alikuja na fimbo yake. Kila jioni wawili hao walitembea kutoka kitambaa hadi kitambaa, Shangazi akipiga mara chache na kumsubiri, yeye akipiga mara nyingi na kumsimulia ya miaka ambayo dada yake alikuwa Arusha, nani alizaliwa, nani alizikwa, ng'ombe gani alikuwa mkorofi. Sokoni Mbulu Baba mdogo alijisifu kwamba bado hajapata mtu wa kumfikia kwa idadi.

Jambo hilo lilinila. Mwanamume mwenye heshima zake anajisifu mbele za watu kwa kushindwa, na mimi, meneja, najua na nimenyamaza. Siku moja angekutana na mtu aliyewahi kuona gofu kwenye runinga. Nilimwendea Shangazi, akasema huyo ni mdogo wake, lakini ni baba yangu mdogo, kwa hiyo nikitaka kumwambia nimwambie.

Nilipopata kazi ya ofisini Mbulu mjini, niliona siwezi kuondoka na mzigo huo. Siku yangu ya mwisho nilimkuta Baba mdogo shimo la kwanza, peke yake. Nikamwamkia, nikazunguka sana, nikaanza na historia ya michezo, na mwishowe nikamwambia kwamba katika gofu anayepiga mara chache ndiye anayeshinda.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Mwanangu, dada alikuwa akija likizo kila Krismasi. Unafikiri alikuwa anatusimulia nini? Supu?"

"Na siku ile ya wazee?"

Aliegemea fimbo yake.

"Nilikuwa nimeshawaita. Mtu akishaita wazee hawezi kuwaambia rudini, nimefikiri upya. Nilipomwona dada akiupiga ule mpira, nikamwona anavyoutazama unavyokwenda, nikajiambia, kumbe mimi namrudisha mtu huyu jikoni. Nikawa natafuta mlango wa kutokea. Wakanifungulia wenyewe." Akanitazama. "Wewe ulikuwa karibu kuufunga."

Wiki zote zile nilikuwa nimebeba siri ambayo mwenyewe alikuwa amebeba upande wa pili.

"Sasa basi, meneja," akasema, na akachukua fimbo ya chuma ya Shangazi iliyokuwa imeegemezwa kwenye ua, "kwa kuwa unaondoka na hakuna mzee anayetuangalia, nionyeshe hizo chache zinapigwaje."

Akaniwekea mpira kwenye majani. Nikaishika fimbo, nikapanga magoti, nikapanga mabega, nikaangalia upepo, nikaangalia kondoo, nikakumbuka kwamba sikuwa nimemuaga vizuri Mama Paskali, nikarudi kwenye magoti.

Baba mdogo akatandika koti lake chini, akaketi.